Nishani zisizo na majina

*Zilitoka Burma, Abisinia na Kampala zikaishia kwenye masanduku ya mpakani. Sasa wanunuzi wanazitafuta, na wenye kuzijua historia zake wanakwisha.*

WEKA Nyota ya Burma juu ya kaunta ya mnunuzi wa dhahabu pale Ariwara, na jibu litakuja upesi. Ataigeuza, ataisugua kwenye jiwe lake jeusi, kisha atadondosha asidi juu ya mstari wa manjano uliobaki. Dhahabu ingetulia. Nyota hii inatoa povu, mstari unageuka kijani, halafu unatoweka. Ni shaba iliyochanganywa na zinki. Mizani haitaguswa.

Kabla ya kuirudisha ataitazama tena, kwa sababu ina sura ya kitu cha thamani. Ina ncha sita. Katikati kuna taji na herufi GRI za Mfalme George wa Sita wa Uingereza, na kuzunguka duara yameandikwa maneno THE BURMA STAR. Upande wa nyuma ni mtupu. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna kikosi wala kijiji.

Askari aliyetunukiwa nyota ya namna hiyo alivuka Bahari ya Hindi. Kama alikuwa wa King's African Rifles, yaani KAR, huenda alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw kwa miguu mwaka 1944, katika matope na malaria, ikiwasukuma Wajapani kuelekea mto Chindwin. Alirudi nyumbani na kipande hicho cha shaba. Mjukuu wake leo anauliza kitauzwa kwa bei gani.

Kwa mnunuzi wa dhahabu, bei yake ni sifuri. Kwa mkusanyaji wa nishani wa London au Brussels ina bei, ingawa ndogo, kwa sababu nyota za aina hiyo zilitolewa kwa wingi mno. Bei hupanda pale nishani inapokuja na karatasi zake: kitabu cha utumishi, barua, picha, jina la mtu. Katika biashara hii, kinacholipiwa zaidi ni historia ya mvaaji, na madini hufuata nyuma.

Na historia hiyo ndiyo inayotuponyoka, huku nasi tukitazama.

Mji ulioota mpakani

Ariwara iko katika Teritware ya Aru, kaskazini kabisa mwa Ituri, mwendo mfupi kutoka Arua ya Uganda. Sokoni utasikia Kilugbara, Kikakwa, Kilingala na Kiswahili katika mazungumzo ya watu wanne. Shilingi ya Uganda inapokelewa bila maswali. Dhahabu ya Ituri na Uele imepita hapa miaka mingi kuelekea Arua na Kampala, kwa njia halali na kwa magendo.

Mpaka wenyewe ulichorwa upya mara kadhaa. Mwaka 1894 eneo la Lado, lililojumuisha nchi ambayo leo ni West Nile ya Uganda, liliwekwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alipofariki mwaka 1909 makubaliano yakaisha, na mwaka 1910 Wabelgiji wakaondoka. Sehemu ya kusini ya Lado ikaja kuunganishwa na Uganda. Mlugbara wa Aru na Mlugbara wa Arua wakajikuta chini ya bendera mbili, bila hata mmoja wao kuhama shamba lake.

Kwa hiyo wajomba walipigana chini ya Mwingereza na wapwa chini ya Mbelgiji. West Nile ikawa chimbuko la askari wengi wa KAR. Upande wa pili wa mpaka, vijana waliingia Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji.

Kisha ukaja mwaka 1979. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwezi Aprili, watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, askari wa jeshi lake wakiwamo. Wengi waliishi Aru kwa miaka. Soko la Ariwara lilinenepa kwa biashara ya wakimbizi hao na ndugu zao, na baadaye likawa moja ya masoko makubwa ya mpaka huu.

Ndiyo maana sanduku la bati la familia moja tu katika eneo hili linaweza kubeba historia ya serikali tatu au nne: nyota ya Mwingereza, medali ya Mbelgiji, pambo la zama za Amin, na beji ya MPR, chama cha Rais Mobutu wa Zaire.

> *Sanduku moja la bati linaweza kubeba historia ya serikali nne.*

Kifua cha Amin

Tuanze na mwana wa mpakani anayejulikana kuliko wote. Idi Amin, mwenye asili ya Kikakwa ya Koboko, aliingia KAR mwaka 1946 kama msaidizi wa mpishi. Alipigana Kenya dhidi ya Mau Mau, akapanda hadi cheo cha juu ambacho Mwafrika wa KAR aliruhusiwa kukifikia, kisha akawa mmoja wa maofisa wa kwanza wa Kiafrika wa Uganda.

Kongo ilihusika katika kupanda kwake. Kati ya 1964 na 1965, serikali ya Waziri Mkuu Obote wa Uganda iliwasaidia waasi wa Simba wa Kongo, na Amin ndiye aliyekuwa kiungo cha kijeshi. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama katika Bunge la Uganda na kumtuhumu kwamba alijitajirisha kwa dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo. Tuhuma hiyo ilitikisa nchi. Mwezi huohuo Obote akasimamisha katiba.

Alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, Amin alianza kujipamba. Alijitunuku nishani aliyoiita Victorious Cross, iliyofanana na Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, hata herufi VC zikawa zilezile. Mwaka 1977 akajiongezea CBE, ambayo kwake ilimaanisha Mshindi wa Dola ya Uingereza. Picha za kifua chake zilizunguka dunia na bado zinazunguka.

Hasara yake imetuangukia sisi. Kwa watu wengi wa nje, ukitaja nishani na Afrika katika sentensi moja, wanamfikiria Amin. Mapambo ya zama zake hutafutwa na wakusanyaji kwa sababu ya jina lake. Yule koplo wa Kilugbara aliyebeba bunduki mpaka Chindwin hana mnunuzi anayemtafuta, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba alikuwepo.

Katika Ituri jambo hili lina uchungu wa karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Aru na Ariwara vilikuwa mikononi mwa wanamgambo wa FAPC chini ya Jérôme Kakwavu. Alipoingia jeshi la taifa alipewa ujenerali. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani kwa uhalifu wa kivita, ubakaji ukiwamo. Watu walioona nyota zikiwekwa kwenye mabega ya namna hiyo wana haki ya kuzitilia shaka heshima za serikali. Lakini shaka hiyo isiwafute waliozipata kwa jasho.

Saio, Gambela, Asosa

Mkazi wa Kinshasa anayenunua pondu katika soko la Gambela hutamka jina la vita vya Ethiopia bila kujua. Barabara za Asosa na Saio ni hivyohivyo. Kambi ya jeshi ya Bukavu inaitwa Saio.

Mwaka 1941 askari wa Force Publique walitoka Kongo, wakapitia kaskazini-mashariki kuelekea Juba, wakashuka Nile na kuingia Ethiopia ya magharibi kupigana na Waitalia. Machi waliteka Asosa na Gambela. Chakula kilikuwa haba, mvua ikakata njia za ugavi, beriberi ikawaangusha watu. Tarehe 3 Julai 1941, pale Saio, Jenerali Pietro Gazzera wa Italia alisalimu amri kwa Meja Jenerali Auguste Gilliaert. Majenerali tisa wa Kiitalia, Gazzera akiwamo, waliingia mikononi mwa jeshi ambalo karibu askari wake wote walikuwa Wakongomani.

Baadaye hospitali ya uwanja wa vita ya Kongo, yenye wahudumu weusi wapatao 350 na wazungu wapatao 20, ilipelekwa Burma kuwatibu majeruhi wa jeshi la Uingereza.

Ubelgiji ilitoa medali ya vita ya Afrika ya 1940-1945. Ni ya shaba, na juu ya utepe wake huwekwa vipande vyenye majina ya mahali mtu alipopigana: ABYSSINIE, NIGERIE, BIRMANIE. Ukiokota medali hiyo leo utajua alikokwenda mwenye nayo. Jina lake hutalijua.

Kuna mmoja ambaye tunalijua. Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alisimama mbele ya Koplo Albert Kunyuku, askari wa zamani wa Force Publique aliyefika Burma, wakati huo akiwa na umri wa miaka 100. Akamtunuku ukamanda wa Nishani ya Taji.

Nishani hiyo ilianzishwa mwaka 1897 na Leopold wa Pili, si kwa kofia yake ya mfalme wa Wabelgiji, bali kama mtawala wa Dola Huru ya Kongo, katika miaka ileile ambayo watu wa nchi hii walikuwa wakikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Ilichukua miaka 125 kwa pambo lililozaliwa na mateso ya Kongo kufika kwenye kifua cha Mkongomani yule, tena mbele ya kamera. Niliona picha za siku hiyo na sikuweza kuamua kama nifurahi au nikasirike. Hata hivyo, alipata kitu ambacho wenzake hawakupata: ulimwengu ulimtaja kwa jina lake.

> *Majenerali tisa wa Kiitalia walisalimu amri kwa jeshi la Wakongomani. Medali zake hazikuandikwa majina.*

Mkufu wa chifu

Si kila nishani ilitoka vitani. Amri ya Dola Huru ya Kongo ya mwaka 1891 iliweka utaratibu wa kuwatambua machifu, na chifu aliyetambuliwa alivishwa medali yenye mnyororo shingoni. Ndiyo asili ya jina lililodumu hadi uhuru, chef médaillé.

Medali hiyo ilikuwa na makali mawili. Aliyeivaa aliwajibika kutoa wapagazi, chakula, kodi na vibarua. Asiye nayo, hata kama ukoo wake ulitawala tangu mababu, mbele ya mkoloni hakuwa kitu. Kuna koo zilizogawanyika kwa sababu ya mnyororo huo, na kesi za uchifu zinazosikika katika Ituri hadi leo, zikichimbuliwa, nyingine hufika kwenye swali la nani alivishwa na nani alipitwa.

Kwa hiyo chifu anapowauzia wageni medali ya babu yake, kinachoondoka ni ushahidi. Mwanahistoria hawezi kuusoma tena, na hakimu hawezi kuutazama.

Mobutu naye alianzisha Nishani ya Taifa ya Chui mwaka 1966. Kwa miaka 31 ilikuwa ndiyo heshima kuu ya nchi. Aliposhindwa mwezi Mei 1997, kuivaa kukawa hatari na beji za MPR zikatupwa. Leo Kongo ina nishani ya Mashujaa wa Taifa Kabila-Lumumba, na kuna ofisi ya nishani za taifa mjini Kinshasa. Kila utawala ulikuja na pambo lake, na hakuna uliorithi daftari la uliotangulia mahali ambapo mwananchi wa Ariwara angeweza kulifungua.

Walivyofanya Wasovieti

Hapa inafaa tutazame mbali, kwa watu ambao nishani zao ndizo zinazokusanywa kwa pupa kuliko karibu zote duniani.

Umoja wa Kisovieti uligawa nishani kama mvua. Medali ya ushindi dhidi ya Ujerumani ilitolewa kwa watu karibu milioni 15. Waliotunukiwa kwa kutekwa Berlin ni zaidi ya milioni moja. Kwa upande mwingine, Nishani ya Ushindi, ya platini na almasi, ilitolewa mara 20 tu, na ile aliyopewa Brezhnev ikafutwa mwaka 1989.

Dola hiyo ilipovunjika mwaka 1991, pensheni zikageuka karatasi. Familia zikauza. Katika mtaa wa Arbat mjini Moscow na kwenye meza za wachuuzi wa Berlin, watalii walinunua vifua vizima vya nishani kwa bei ya chakula cha jioni. Wengine walifuata madini: Nishani ya Lenin ni dhahabu halisi na picha ya Lenin ni ya platini, na Nishani ya Nyota Nyekundu ni ya fedha. Ndipo wakaja waghushi. Nishani ya Vita vya Kizalendo daraja la kwanza ya wakati wa vita ina dhahabu. Ile ya maadhimisho ya 1985 ni fedha iliyopakwa dhahabu. Mtu akibadilisha namba na kufanya ya pili ionekane ya kwanza, bei inaruka.

Angalia neno hilo, namba. Wasovieti walipiga namba nyuma ya karibu kila nishani ya daraja la juu. Namba hiyo iliandikwa kwenye kijitabu cha mwenye nishani, na kwenye kumbukumbu za serikali. Kwa hiyo hata baada ya fujo za miaka ya 1990, uzi haukukatika. Nishani iliyouzwa Berlin inaweza kurudishwa kwa mtu wake: huyu ni sajini fulani, wa kikosi fulani, alivuka mto fulani siku fulani chini ya risasi. Tangu 2010 Wizara ya Ulinzi ya Urusi imeweka kwenye intaneti mamilioni ya hati hizo. Mjukuu huandika jina la babu na kusoma maneno ya kamanda wake, yaliyopigwa taipu mwaka 1943.

Simsifu Stalin. Serikali yake iliwatunuku watu kwa mkono mmoja na kuwafunga kwa mwingine. Lakini katika jambo hili moja walijua kwamba nishani ni nusu tu, na nusu ya pili ni daftari. Leo sheria ya jinai ya Urusi inakataza kununua na kuuza nishani za serikali, za Kisovieti zikiwamo, na bado biashara inaendelea nje ya nchi. Kilichookoa historia yao ni karatasi, si katazo.

Afrika Mashariki pia ina alama za Kisovieti. Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Amani ya Lenin ya 1985-86. Vijana wa Kongo, Tanzania, Kenya na Uganda waliosoma katika chuo kikuu cha Moscow kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, na katika vyuo vingine vya huko, walijua beji ya mhitimu yenye umbo la almasi na nembo ya nyundo na mundu. Madaktari na wahandisi waliorudi nayo sasa ni wazee sana. Hata hizo ni za kuulizia.

> *Wasovieti walijua kwamba nishani ni nusu tu, na nusu ya pili ni daftari.*

Wanaovutana

Wa kwanza ni familia. Mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada, au mgonjwa aliyezuiliwa hospitali, hana sababu ya kuhubiriwa juu ya urithi. Babu mwenyewe alidhulumiwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu KAR ulionyesha kwamba mwisho wa vita Uingereza iliwalipa askari weusi malipo madogo hadi mara tatu kuliko wazungu wa cheo kilekile. Nani basi atamwambia mjukuu kwamba kipande hiki cha shaba ni kitakatifu, akiguse kwa macho tu?

Wa pili ni wanaokataa kabisa. Wanasema hizi ni shanga za mkoloni, alizowagawia watu wetu ili wafe kwa ajili yake, na kuzihifadhi ni kuendelea kumsujudia. Hoja hii ina uzito, na nimeisikia kwa vijana wenye akili timamu. Siikubali. Mfalme aliyechorwa kwenye shaba ni wa kwao, lakini miguu iliyotembea mpaka Gambela ni ya kwetu. Tukiitupa shaba tunamtupa mwenye miguu, kwani yule mfalme ana makaburi ya marumaru na vitabu vya kutosha.

Wa tatu ni mkusanyaji. Ni rahisi kumwita mwizi, na wapo wezi. Wapo pia watu waliotumia miaka yao kusoma orodha za vikosi na kulinganisha saini, wakajua kuhusu askari wa Kiafrika mambo ambayo wizara zetu hazijawahi kuuliza. Mkusanyaji mwema huuliza jina kabla ya bei. Tatizo ni dalali aliye katikati, anayenunua kwa kilo, anayetenganisha medali na karatasi zake kwa kuwa karatasi inachafuka safarini, na anayeuza bila kukumbuka hata mji alikonunua.

Wa nne ni serikali, na hapa sheria ipo. Amri-sheria ya mwaka 1971 inalinda mali za kitamaduni za Kongo. Mwaka 1974 nchi iliridhia mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya usafirishaji haramu wa mali za namna hiyo, na mkataba huo unataja waziwazi vitu vya historia ya kijeshi. Jumba jipya la Makumbusho ya Taifa lilifunguliwa Kinshasa mwaka 2019. Lakini Kinshasa ni mbali, na mpakani hapa forodha hutafuta kahawa, mbao na dhahabu.

Moto hausubiri

Kinachofanya jambo hili lisingoje ni hali ya Ituri yenyewe. Tangu mwishoni mwa 2017, vijiji vya Djugu na jirani zake vimechomwa mara kwa mara, na mamia ya maelfu ya watu wamekimbia na kile walichoweza kushika. Mtu anayekimbia usiku hushika mtoto na godoro. Hashiki bahasha ya babu. Shaba huenda ikabaki ndani ya majivu, ila kitabu cha utumishi, picha na barua haviwezi.

Na wakati sisi tunapoteza, Bunia imeshuhudia nishani nyingine zikitolewa kwa mpangilio kamili. Walinda amani wa MONUC, na baadaye MONUSCO, kutoka Morocco, Bangladesh, Nepal, Uruguay na kwingineko wamepangwa mistari na kuvishwa medali ya Umoja wa Mataifa, ambayo hutolewa baada ya siku 90 za utumishi. Nyuma yake imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni kwa utumishi wa amani. Hata hiyo haina jina, lakini kila kikosi kiliondoka na orodha yake. Siku moja mjukuu wa Dhaka atajua kwamba babu yake alikuwa Ituri. Mjukuu wa Ariwara hajui babu yake alikuwa wapi.

Sipendekezi kufungia watu wanaouza. Katazo katika mji ulioishi kwa magendo litawatajirisha madalali tu. Ninachotaka ni kazi ndogo zaidi na ngumu zaidi: daftari. Kitengo cha utamaduni cha mkoa, pale Bunia, kiwe na rejista moja ya nishani na medali zilizo mikononi mwa familia za Ituri. Ofisi za chefferie za Aru, ambazo tayari zina makatibu wanaoandika vizazi na kesi za mashamba, zikusanye taarifa. Walimu wa historia wa sekondari wawatume wanafunzi wao nyumbani kwa wazee wakati wa likizo. Simu yenye kamera inatosha.

Mwenye nishani nyumbani anaweza kuanza bila kusubiri mtu. Usiisugue kwa majivu wala ndimu, maana ule weusi ndio umri wake na wataalamu huutafuta. Usikate utepe hata kama umechanika, kwa kuwa rangi zake hutambulisha vita. Usichonge jina nyuma yake leo, kwani mchongo wa sasa utaonekana kama ulaghai. Ipige picha pande zote mbili. Kisha andika kwenye karatasi jina la aliyepewa, la baba yake, kijiji, kikosi kama kinajulikana, mwaka, na jina la aliyekusimulia. Karatasi ikae na nishani, na nakala yake ikae mahali pengine: parokiani, msikitini, au kwa ndugu wa Arua.

Ukilazimika kuuza, uza. Lakini picha na karatasi visiuzwe, na mnunuzi apewe nakala. Akikataa kuipokea, mnyime nishani.

Serikali ya mkoa wa Ituri haihitaji bajeti ya makumbusho ili kuanza. Inahitaji daftari, karani, na tangazo redioni kwa lugha nne za soko la Ariwara. Daftari liletwe wiki hii, kabla mzee mwingine anayejua majina hajazikwa.